Tulifuata Taa, Tukakuta Mwezi

Tangu nirudi, kila anayekuja kuchukua nguo anakaa kwenye benchi langu, anajiweka sawa, kisha anauliza: "Haya, Mama Kulwa, huko ziwani mlikwenda kufanya nini hasa?" Nimesimulia mara nyingi hadi safari yenyewe imeanza kukua. Juzi nimesikia sokoni kwamba mimi na mume wangu tulikimbizwa na viboko wawili. Kiboko alikuwa mmoja, hakutukimbiza, na wala sikumwona. Nilimsikia tu akila majani. Kwa hiyo nimeandika, mrushiane kwenye simu zenu, na mimi nipate kushona.

Habari za kuaga, kufunga nyumba na kumkabidhi jirani kuku naziruka. Niseme tu kwa nini tulikwenda.

Wengi wenu mnamjua Baba Kulwa kwa kumwona mchana amelala. Kwa miaka mingi alisimamia karasha kule Kakola, ile mashine ya kuponda mawe ya dhahabu, na siku zote zamu yake ilikuwa ya usiku. Akija nyumbani kupumzika, jua likichomoza analala, likizama anaamka. Pacha wetu walijua kunong'ona kabla hawajajua kuongea. Kisha mwenye karasha akafariki, mashine ikasimama, mume wangu akarudi nyumbani moja kwa moja. Nilifurahi kama bibi harusi. Lakini usiku wake haukurudi naye. Saa mnazozima taa ninyi, yeye anaamka, anazunguka nyumba na tochi, anakagua kufuli, anakwenda kukaa uani peke yake. Nilikuwa na mume ndani ya nyumba na bado nalala peke yangu.

Sasa kijana wa yule marehemu akaifufua mashine. Akapiga simu: mzee arudi, zamu ya usiku kama zamani. Baba Kulwa akamjibu kwamba watazungumza uso kwa uso. Mimi sikusema kitu, maana mtu mzima humkatazi kazi yake. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba kabla hajaamua, twende pamoja ziwani tukaone taa.

Taa zenyewe nilizisikia kwa Mama Zawadi, yule mteja wangu aliyezaliwa ufukweni upande wa Geita. Alinieleza kwamba wavuvi wa dagaa huwasha taa usiku juu ya maji, ziwa zima likawa kama mji. Nikawaza, huyu mtu kama kulala usiku kumemshinda, basi angalau tukeshe wote tukitazama kitu kizuri.

Jina la kijiji silisemi. Nawajua, mtakwenda na spika zenu.

Shinyanga hadi Kahama

Basi lililoitwa la asubuhi liliondoka jua likiwa utosini. Kulikuwa na kabati la nguo la kupandishwa juu, na mwenye kabati, mama mmoja mnene mwenye sauti, alikataa kupanda mpaka alione limefungwa. Kondakta alifunga. Mama akakagua. Kondakta akafungua, akafunga tena. Abiria tuligawanyika, wengine upande wa mama, wengine upande wa kondakta, na mimi nilikuwa upande wa kabati, maana lilikuwa zuri kweli.

Kabla hatujafika Tinde, Baba Kulwa alikuwa ameshalala begani kwangu, kofia yake nimeishika mimi. Mara juu kukaanza kugonga, go, go, go. Akafumbua jicho moja.

"Bolti imelegea," akasema, akalala tena.

Alikosea. Ulikuwa mlango wa kabati. Ulifunguka, na pale tuliposimama watu wa Tinde waliona sidiria za yule mama zikipepea juu ya basi. Alishuka akacheka mwenyewe kwanza, ndipo na sisi tukapata ruhusa.

Akiwa anarudi kwenye kiti chake alinitazama nilivyombeba mume wangu begani. "Mzee anaumwa?"

"Hapana. Anafanya kazi usiku."

Nikajisikia nilivyosema "anafanya." Kazi bado hajaikubali, na mimi nimeshampeleka.

Usiku wa Nyasubi

Kahama tulilala kwa mdogo wangu Shija, Nyasubi. Mtaa wake mchana hausikilizani kwa kelele za soko, lakini usiku ule ulikuwa kimya. Shija alitupikia wali wa huko huko, ule unaonukia kabla hujafunua sufuria, na kuku wa kienyeji. Tukala, tukacheka habari za kabati, tukaingia kulala.

Nikaamshwa na watu mlangoni. Walinzi wa mtaa walikuwa wamemkuta mtu na tochi akizunguka nyumba na kuvuta kufuli moja moja. Wamemzingira. Katikati ya fimbo zao yuko Baba Kulwa, na singlendi yake, anawaeleza kwa utulivu kabisa kwamba kufuli la mlango wa nyuma ni bovu.

"Mama, huyu unamfahamu?" akaniuliza mkubwa wao.

"Ni mume wangu, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa mbona anakagua nyumba ya watu?"

Nilisema ni tabia yake. Walimsindikiza mpaka chumbani kama mtoto, na yule mkubwa akaniambia nimfungie mlango kwa ndani. Shija alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka naye, lakini nilipozima taa machozi yalinitoka. Nilimwona mume wangu amekuwa mtu wa kurudishwa kitandani na wageni.

Kakola

Barabara ile ya vumbi mnaijua au mmeisikia. Tulifika Kakola tumekuwa rangi moja, sisi na mizigo yetu. Tukanawa uso, tukanunua mahindi ya kuchoma, tukaenda kwa kijana mwenye karasha. Hakuwepo. Alikuwa amekwenda msibani, wakatuambia tupite siku ya kurudi. Nilisema "pole zake" kwa mdomo, moyoni nikasema asante.

Lakini mashine ilikuwa inafanya kazi. Baba Kulwa alisimama pale na hindi lake mkononi, hali tena, anasikiliza. Vijana waliokuwa wakilisha mawe walimwona, wakanyanyua mikono: "Mzee wa kazi!" Uso wake ukafunguka namna ambayo uani kwetu sijawahi kuiona. Niliumia, niseme kweli. Mpaka hapo nilikuwa naichukia ile kazi kwa sababu inamtesa. Sikujua kwamba pia anaipenda.

Njia yote ya kwenda Geita sikuongea. Yeye alidhani ni vumbi, akanipa leso yake.

Kalangalala

Geita tulipata chumba cha wageni pale Kalangalala, juu ya baa. Sikuwa nimeuliza. Muziki ulianza jioni na vitanda vikawa vinatetemeka. Watu wa dhahabu wanapopata, hawapati kimya kimya. Nikalala nimeziba masikio na kanga, nikitegemea kumkuta Baba Kulwa dirishani.

Ajabu, alilala. Alilala fofofo, mdomo wazi, na kelele zote zile. Kisha umeme ukakatika, baa ikanyamaza, na hapo hapo akakurupuka akakaa kitako.

"Nini?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema, akaanza kutafuta tochi.

Niliona, ila sikuelewa.

Ufukweni

Kutoka Geita tulipanda Noah hadi mbele ya Nzera, halafu bodaboda mbili. Dereva wangu alikuwa mwepesi wa kuongea. Nilipomwambia tunakwenda kuona taa za dagaa, alicheka akasema, "Haya mama, mtaziona," nami nikafikiri ananipongeza.

Mwenyeji wetu alikuwa Mama Pili, dada yake Mama Zawadi. Mwanamke mrefu, mweusi tii, ana kibanda cha chai mita chache kutoka majini, birika lake limekaa juu ya mkaa tangu alasiri. Alitupokea kwa mikono miwili. Alitupa sato mzima wa kuchemsha na nyanya na ugali wa muhogo, mweupe, unaovutika. Baba Kulwa, Msukuma wa uwele na michembe ya viazi vilivyokaushwa, aliutazama ule ugali kama mgeni aliyekuja bila taarifa. Alikula wote.

Jua likazama. Nikavaa sweta, nikachukua mkeka wetu, nikamwambia Mama Pili sasa tuko tayari, taa zinaanza saa ngapi?

Akaweka kikombe chini. "Taa gani?"

"Za dagaa."

Alinitazama, akatazama nyuma yangu. Nikageuka. Juu ya vichaka vya nchi kavu mwezi ulikuwa unatoka, mzima, mkubwa, wa rangi ya yai la kuku wa kienyeji.

"Mama Kulwa, mwezi huu? Dagaa wanafuata taa wakiwa gizani. Leo juu pameshawashwa, nani atahangaika na taa yetu? Mwezi ukiwa mkubwa hakuna mtumbwi unaotoka hapa."

Watu waliokuwa kwenye benchi walicheka, si kwa ubaya. Lakini mimi nilitamani ardhi inimeze. Mtu nimetoka Shinyanga, nimemvuta mzee wa watu, nimemfanya akamatwe Nyasubi kama mwizi, nije kumwonyesha ziwa tupu? Sisi wa nchi kavu mwezi tunautazama tukikumbuka. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba unaweza kumfungia mtu kazi.

Baba Kulwa akanishika kiwiko. "Tutakaa tu," akasema. Aliona nimekaribia kulia.

Mama Pili akatusogezea chai ya tangawizi. Akainama karibu yangu, akanong'ona: "Usisikitike. Mmekuja wakati wa waume. Likiwa giza, hawa wote ni wa ziwa, tunalala na mito. Mwezi ukikua ni wetu."

Nikakitazama kile kijiji upya. Mitumbwi ilikuwa imevutwa juu, nyavu zimeanikwa, na familia zinatoka nyumbani na mikeka kama watu wanaokwenda kanisani, bila haraka. Mwanaume mmoja alikuwa amekaa chini na mkewe nyuma yake kwenye kigoda anamchana nywele, ndiyo, mke anamchana mume, na hakuna aliyeshangaa. Wawili walicheza drafti kwa vizibo vya soda. Redio ilikuwepo, lakini sauti imeshushwa mpaka unasikia kwamba inaongea na husikii inachosema. Mume wa Mama Pili, Baba Pili, ndiye alikuwa anamimina chai usiku ule na kuosha vikombe, mkewe ameketi na miguu ameinyoosha.

"Leo ni mteja," Baba Pili akatuambia. "Ananisumbua kuliko wateja wote. Anataka sukari mara tatu."

"Weka," akasema Mama Pili. "Giza likija nitaweka mwenyewe."

Mwisho wa kukaa ulikuwa kwenye mtumbwi mmoja mkuukuu uliopasuka. Kupita pale, tuliambiwa, ni upande wa kiboko, naye anakuja kula majani mwezi ukipanda. Kweli akaja. Tulimsikia, krap, krap, kama mtu anayekata majani ya ng'ombe kwa panga butu. Mazungumzo yalishuka kidogo, kisha yakaendelea. Hao ndio viboko wenu wawili.

Usiku wa pili

Kesho yake Baba Kulwa hakulala mchana. Baba Pili alimchukua wakakarabati benchi la kibandani, wakaoga ziwani, wakala dagaa wa kukaanga na pilipili. Jioni tukatandika mkeka mahali pale pale. Walishatuzoea, tukasalimiwa kwa majina ya watoto wetu.

Baba Pili alimuuliza habari za karasha, nani analilisha, nani analilinda. Mume wangu, mtu wa maneno machache, akaongea.

"Kazi kubwa ni kusikiliza," akasema. "Likiwa linanguruma, huna wasiwasi, hata usinzie. Tatizo ni likinyamaza. Likinyamaza ujue kuna kitu kimekatika, au mtu kaumia. Unaamka unakimbia na tochi."

"Sasa nyumbani?" akauliza Baba Pili.

"Nyumbani ni kimya." Akageukia majini. "Mwili unaamka wenyewe. Unadhani kuna kitu kimekatika."

Jamani, miaka yote ile. Nilidhani anaamka kwa sababu hapendi kuwa ndani na mimi. Niliwahi kumtuhumu kwa mengi moyoni, hata mwanamke wa Kakola nilimtengeneza akilini na jina nikampa. Kumbe mume wangu alikuwa anaamka kuja kuangalia kama tuko salama. Nilimshika mkono mbele za watu, jambo ambalo Shinyanga sijalifanya hata siku ya harusi bila kuambiwa na mchungaji.

Mawimbi yalikuwa yanakuja kidogo kidogo, vizibo vinagonga ubao, wanawake wawili wanabishana kwa sauti ya chini kuhusu kitambaa cha sare, redio inanong'ona. Kelele ndogo, ya watu, isiyokatika. Baada ya muda nikahisi mkono wake umekuwa mzito. Nikageuka. Amelala. Amelala usiku, kando yangu, mwezi unamwangaza usoni.

Niliogopa hata kumeza mate. Nikamtazama Mama Pili, naye akaelewa, maana wale wanawake wanajua maana ya mwanaume kulala usiku. Akatoa kitenge chake cha kiunoni, akamfunika. Halafu akawaambia watu, kwa ishara ya mkono, waendelee. Wasinyamaze. Na wakaendelea kuongea, wakijua sasa wanaongea kwa kazi maalumu, mpaka hapakubaki cha kusema, na yule mama wa sare akaanza kusimulia tena mwanzo ugomvi wa kitambaa. Sijawahi kufanyiwa wema kama ule na watu nisiowajua.

Mimi sikulala. Nilikaa macho nikimtazama mume wangu, na kwa mara ya kwanza nilikesha kwa furaha.

Kurudi

Safari ya kurudi ilikuwa na pancha moja na mbuzi mmoja aliyetapika, haina habari. Nilikuwa nasubiri Kakola.

Tulipofika, Baba Kulwa aliniacha kivulini kwa muuza miwa, akaenda kwa yule kijana. Nilikuwa nimeshaamua sitamwomba abaki. Nilishamwona uso wake mbele ya ile mashine. Lakini nilishamwona pia usingizini, na mimi ni binadamu. Nilitafuna miwa bila kusikia utamu.

Akarudi, akakaa, akachukua kipande cha muwa mkononi mwangu.

"Nimekubali," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Lakini nimempa sharti. Mwezi ukikua narudi nyumbani, nakaa mpaka upungue. Siku za giza nitamfanyia kazi."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza, 'Mzee, mawe nayo yanaogopa mwezi?' Nikamwambia hayaogopi, ila nina sharti. Basi akashusha sauti, akauliza kama sharti hilo ni la mtu mmoja wa huko ziwani tulikotoka. Nikamwambia ndiyo, wako kijiji kizima."

Mnaijua ile nchi ya dhahabu na masharti yake ya waganga. Yule kijana aliamini mzee wake kapewa dawa. Alikubali hapo hapo, akamwomba asije akavunja sharti hata kwa bahati mbaya, na akaahidi kumkumbusha mwenyewe kwa simu mwezi ukianza kukua. Mungu atusamehe, hatukumsahihisha. Nilicheka mpaka muuza miwa akaniletea maji, na nilikuwa nalia pia, sijui kipi kilitangulia.

Sasa mnaelewa kwa nini siku hizi jioni mnanikuta nimesimama nje natazama juu. Mmeshaanza kusema Mama Kulwa kaokoka upya. Naangalia mwezi tu. Jana ulikuwa umebakisha kidogo upande mmoja, na asubuhi ya leo Baba Kulwa amepiga simu yuko kwenye basi. Nimenunua sukari ya kutosha, mkeka nimeupiga vumbi, redio ya pacha nimeitafuta nikaipata, nimejifunza kuishusha sauti mpaka inanong'ona.

Kwa hiyo nguo zenu ziko tayari, lakini leo msije kuzichukua. Au njooni na vigoda vyenu jioni, mkae uani kwangu muongee polepole. Mzee akilala, tafadhali msinyamaze.